Kelele ya Kugongagonga katika Giaboksi ya Gia za Mkono: Utambuzi na Upunguzaji Wake katika Magari ya Dizeli ya Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Ikisiri

Makala hii inafafanua chanzo cha kelele ya kugongagonga inayosikika katika giaboksi za magari ya gia za mkono, hususani magari ya dizeli yanayotumika mkoani Shinyanga na katika ukanda wa machimbo ya dhahabu wa Geita. Hoja kuu ya makala ni kwamba kelele hiyo, ingawa husikika katika giaboksi, mara nyingi huanzia katika injini na hupitishwa na klachi. Kwa hiyo, kufungua giaboksi kunapaswa kuwa hatua ya mwisho ya uchunguzi na si ya kwanza. Aidha, makala inaonesha kuwa ipo kelele nyingine, ya beringi iliyochakaa, inayofanana nayo masikioni lakini yenye hatari kubwa, na kwamba majaribio machache yasiyohitaji vifaa vya gharama yanatosha kuzitenganisha. Makala inajadili kwanza kanuni za kifizikia zinazozalisha kelele, kisha nafasi ya lugha katika kuieleza, utaratibu wa utambuzi, na hatimaye njia za kuipunguza kwa mpangilio wa gharama.

Maneno msingi: giaboksi, klachi, kelele, mtetemo wa mzunguko, beringi, Shinyanga, Geita

1.0 Utangulizi

Uchumi wa Shinyanga na Geita umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya madini. Mgodi wa almasi wa Mwadui ulianzishwa mwaka 1940. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, ulio chini ya ardhi katika eneo la Kahama, ukafuata mwaka 2001. Mkoa wa Geita wenyewe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Pembezoni mwa migodi mikubwa yapo machimbo ya wachimbaji wadogo, yakiwamo ya Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa, ambako watu, maji, chakula, mafuta na mawe ya dhahabu husafirishwa kwa magari kila siku.

Magari yanayofanya kazi hiyo yana sifa zinazofanana. Mengi ni ya dizeli na ya gia za mkono: Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, Toyota Hilux, Toyota Hiace za abiria na malori madogo ya Mitsubishi Canter. Sehemu kubwa ya magari ya watu binafsi yameingia nchini yakiwa yamekwishatumika. Yanapofika, hubebeshwa mizigo mizito, hupitishwa katika barabara za vumbi na changarawe zinazoelekea machimboni, na mara nyingi huachwa yakiunguruma kwa muda mrefu yakisubiri abiria au mzigo.

Katika mazingira hayo, malalamiko ya kwamba “giaboksi inalia” ni ya kawaida, na uamuzi unaofuata una uzito. Giaboksi ikishushwa, gari la abiria hulala gereji, na dereva anayepeleka hesabu ya siku kwa mwenye gari hukosa cha kupeleka. Mwenye gari naye hulipia beringi, sili, gasketi na kazi ya fundi. Ikiwa kelele haikutokana na giaboksi, gari litarudi barabarani likiwa na kelele ileile. Kwa upande mwingine, ikiwa kelele ilikuwa ya beringi inayokufa na ikapuuzwa kwa sababu “gari za dizeli ndivyo zilivyo”, athari yake inaweza kutokea mteremkoni, gari likiwa limejaa watu. Tatizo linaloshughulikiwa na makala hii ni hilo: namna ya kutenganisha kelele isiyo na madhara na kelele inayotoa onyo.

2.0 Chanzo cha Kelele

2.1 Gia zilizoshikana daima

Giaboksi ya kisasa ya gia za mkono haiingizi wala kuondoa meno ya gia za mbele dereva anapobadilisha gia. Jozi zote za gia za mbele hubaki zimeshikana muda wote. Kwa kila jozi, gia moja imefungwa katika shafti yake na nyingine huzunguka kwa uhuru juu ya shafti ya pili. Dereva anapochagua gia, kola yenye meno husogezwa, sinkronaiza husawazisha kasi, na gia moja iliyokuwa huru hufungwa katika shafti. Gia hiyo pekee ndiyo inayopitisha nguvu. Nyingine zote zinaendelea kuzunguka bila kubeba chochote.

Katika giaboksi ya gia tano za mbele, kwa hiyo, daima zipo gia kadhaa zisizo na mzigo. Gari likiwa nyutro, pedali ya klachi haijakanyagwa na injini inaunguruma, hakuna hata gia moja yenye mzigo. Shafti ya kuingizia nguvu inazungusha shafti ya kati, na shafti ya kati inazungusha gia zote zilizo huru. Hali hii ndiyo inayotoa nafasi ya kelele kuzaliwa.

Kati ya jino na jino lazima uwepo mwanya mdogo, kwa kawaida wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, ili oili ipite na chuma kipate nafasi ya kutanuka kwa joto. Gia yenye mzigo haiuhisi mwanya huo kwa kuwa meno yake yamesukumwa upande mmoja wakati wote. Gia isiyo na mzigo inaweza kuachana na jino linaloisukuma, kuvuka mwanya, kugonga upande wa pili na kurudi. Mapigo hayo mafupi, yakirudiwa mara nyingi kwa sekunde, hupita katika beringi hadi kwenye ganda la giaboksi, nalo huyatangaza kama ngozi ya ngoma.

2.2 Injini isiyozunguka kwa usawa

Gia huru haiwezi kuanza kugonga bila kichocheo. Kichocheo hicho ni injini. Injini ya pistoni haizungushi krenkishafti kwa kasi moja isiyobadilika. Kila silinda inapochoma mafuta, krenkishafti huharakishwa, na kila silinda inapokandamiza hewa, hupunguzwa mwendo. Flaiwili hupunguza tofauti hiyo lakini haiiondoi. Injini ya dizeli huathirika zaidi kwa sababu hukandamiza hewa kwa kiwango kikubwa kuliko injini ya petroli.

Katika injini ya viharusi vinne yenye silinda nne, kuna mipasuko miwili katika kila mzunguko wa krenkishafti. Injini ikiwa katika mzunguko wa chini wa 750 kwa dakika, hali ambayo mafundi huiita sailensi, misukumo ni 25 kwa sekunde. Injini ya silinda sita kama 1HZ ya Land Cruiser, yenye ujazo wa lita 4.2, hutoa mipasuko mitatu kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 650 kwa dakika, hupata misukumo 32 hadi 33 kwa sekunde. Misukumo ya injini ya silinda sita imekaribiana zaidi, hivyo mzunguko wake ni tulivu kuliko wa silinda nne, mradi silinda zote zinafanya kazi sawasawa.

Sharti hilo la mwisho ni muhimu. Noseli moja ikichakaa na silinda yake ikachoma vibaya, dosari hiyo hujirudia mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa injini ya silinda nne inayozunguka mara 750 kwa dakika, dosari hutokea takriban mara 6 kwa sekunde. Mtetemo wa namna hii ni wa polepole na mkubwa, na springi za klachi huchuja kwa shida zaidi mitetemo ya polepole kuliko ya haraka. Hivyo noseli moja mbovu inaweza kusikika kama ugonjwa wa giaboksi.

2.3 Sharti la kugongana

Gia huru huburutwa na oili na kwa msuguano wa beringi zake. Mburuto huo huisukuma nyuma na kuyafanya meno yake yabaki yakigusana na yale yanayoizungusha. Injini inapoharakisha na kupunguza mwendo, inesha ya gia huipinga mabadiliko hayo. Nguvu ya msokoto inayotokana na inesha ikizidi mburuto, meno huachana na kelele huanza. Mburuto ukizidi, meno hubaki yameshikana na giaboksi huwa kimya.

Mfano wa kukokotoa unaweza kuifafanua kanuni hii. Chukulia gia huru yenye inesha ya 0.001 kg·m², na injini ya silinda nne ambayo kasi yake ya 750 hupanda na kushuka kwa mizunguko 24 kwa dakika, mara 25 kwa sekunde. Mchapuko wa mzunguko unaotokea hufikia takriban radiani 400 kwa sekunde mraba. Nguvu ya msokoto ya inesha ni zao la viwango hivyo viwili, yaani nyutani-mita 0.4. Ikiwa oili ya baridi inaiburuta gia kwa nyutani-mita 0.6, hakuna kelele. Oili ikipata joto na mburuto ukashuka hadi 0.2, gia itagonga. Tarakimu hizi ni za kielelezo tu, lakini zinaonesha kwa nini gari lilelile, lenye giaboksi ileile isiyo na hitilafu, huwa kimya alfajiri na hulia baada ya safari ndefu ya mchana.

Kanuni hii inatoa njia tatu tu za kupunguza kelele: kutuliza mtetemo unaotoka katika injini, kuuchuja kabla haujafika katika giaboksi, au kuongeza mburuto ndani ya giaboksi. Tiba zote zinazojadiliwa katika sehemu ya 5.0 zinaangukia katika mojawapo ya njia hizo.

3.0 Nafasi ya Lugha katika Utambuzi

Uchunguzi wa kelele huanza kwa maneno. Dereva hawezi kumpelekea fundi sauti yenyewe ikiwa haisikiki wakati huo, hivyo humpelekea maelezo. Kitenzi “kulia” ndicho kinachotumika zaidi, lakini ni kitenzi mwavuli: breki zinalia, beringi inalia, hata honi inalia. Fundi aliyeambiwa kwamba giaboksi inalia amepewa taarifa ya mahali kelele inaposikika, si ya namna ilivyo.

Hata hivyo, Kiswahili kina hazina inayotosha kubainisha. Unyambulishaji kwa njia ya uradidi huonesha tendo jepesi linalojirudia: “kugonga” ni pigo zito, ilhali “kugongagonga” ni mapigo madogo yanayofuatana. Kelele ya gia huru ni ya aina hii ya pili, mfano wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Beringi iliyochakaa haigongigongi. Huvuma au hunguruma, na uvumi wake hupanda pamoja na kasi. Gia inayoingia kwa kulazimishwa hukwaruza. Tanakali sauti nazo husaidia: anayeiga kwa “ta-ta-ta-ta” anaeleza mapigo, na anayeiga kwa “vuuu” anaeleza sauti isiyokatika.

Maswali matatu yanatosha kuyapatia maelezo ya dereva thamani ya kiuchunguzi: je, sauti ni ya mapigo au ni ya mfululizo? Je, hupanda pamoja na kasi ya injini au hupotea? Je, husikika gari likiwa limesimama, likitembea, au katika hali zote mbili? Fundi anayeyauliza kabla ya kushika spana amekwishapunguza nusu ya uwezekano.

4.0 Utaratibu wa Utambuzi

4.1 Jaribio la pedali

Gari lisimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ifungwe, magurudumu yazuiwe kwa mawe au vipande vya mbao, gia iwekwe nyutro na injini iachwe katika sailensi baada ya kupata joto la kawaida la kazi. Kisha pedali ya klachi ikanyagwe taratibu mpaka chini na kuachiwa, huku msikilizaji akiwa karibu na giaboksi.

Kelele ikipotea pedali inapokanyagwa, sehemu inayohusika ni ile inayosimama pamoja na shafti ya kuingizia nguvu, yaani gia huru au beringi za shafti hiyo na za shafti ya kati. Kelele ikianza pedali inapoguswa kidogo tu, inayoshukiwa ni beringi ya rilizi. Ikiwa kelele husikika baada ya klachi kuachia kabisa, hasa gia ikiwa imeingizwa na gari limesimama, inayoshukiwa ni beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, kwa sababu hapo ndipo injini na shafti ya kuingizia nguvu huzunguka kwa kasi tofauti. Ikiwa kelele haibadiliki kwa lolote, chanzo kitafutwe nje ya giaboksi: maunti za injini, kinga ya joto ya ekzosi iliyolegea, au injini yenyewe.

Inafaa kusisitiza kwamba matokeo ya kwanza hayatoshi kuihukumu giaboksi. Kupotea kwa kelele pedali inapokanyagwa kunaiweka gia huru isiyo na hitilafu katika kundi moja na beringi mbovu. Anayeishia hapa na kushusha giaboksi anakisia.

4.2 Jaribio la kasi na la klachi kuteleza

Hatua ya pili hutenganisha hizo mbili. Injini ipandishwe taratibu kutoka sailensi hadi mizunguko 1,500 kwa dakika. Kelele ya gia huru kwa kawaida hupungua au hutoweka kasi inapopanda, kwa kuwa klachi huchuja vizuri zaidi mitetemo ya haraka na mburuto wa oili huongezeka. Kelele ya beringi hufanya kinyume: haitoweki, bali hupanda na kuwa nyembamba zaidi.

Hatua ya tatu ni kuiteleza klachi kidogo. Breki ya mguu ikiwa imekanyagwa kwa nguvu, gia ya kwanza iingizwe, na pedali iachiwe mpaka pale tu klachi inapoanza kushika, kwa sekunde mbili au tatu bila kuzidisha. Klachi inayoteleza haiwezi kupitisha mtetemo wote wa injini, na gia iliyochaguliwa huanza kubeba mzigo. Kugongagonga hupungua ghafla. Jaribio hili lisifanyike watu wakiwa wamesimama mbele ya gari wala fundi akiwa chini yake.

Jaribio jepesi kuliko yote ni kushika kijiti cha gia kwa mkono. Kelele ikikatika, chanzo ni bushi ya kijiti iliyokwisha, na tiba yake haihitaji kushusha kitu chochote.

4.3 Jaribio la barabarani

Kelele ya kugongagonga inaweza pia kutokea gari likitembea, hasa likivuta mzigo kwa mzunguko mdogo wa injini, kati ya 1,000 na 2,000 kwa dakika. Gari lililojaa mawe ya dhahabu linalopandishwa kilima kwa gia ya nne badala ya ya tatu litagonga hata likiwa jipya. Ikiwa kushuka gia moja kunaiondoa kelele, tatizo ni la uendeshaji.

Katika giaboksi nyingi za magari yanayovutwa na magurudumu ya nyuma, zikiwamo za Hilux na Land Cruiser, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja kutoka shafti ya kuingizia hadi ya kutolea bila kupitia shafti ya kati. Kwa hiyo, mvumo unaosikika katika gia nyingine na kupungua sana katika gia ya nne unaelekeza kwenye beringi za shafti ya kati. Kelele inayosikika katika gia moja pekee inaelekeza kwenye meno ya gia hiyo. Mvumo unaobaki vilevile katika gia zote, na hata gari linaposerereka likiwa nyutro, unaelekeza nyuma ya giaboksi, katika propela shafti, difu au beringi za magurudumu.

4.4 Ushahidi wa oili

Hatua ya mwisho kabla ya kufungua giaboksi ni kumwaga oili kupitia nati ya chini, ambayo mara nyingi huwa na sumaku. Uji laini wa kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyohisika kwa vidole ni dalili ya beringi au jino lililomeguka. Chembechembe za rangi ya shaba hutoka katika sinkronaiza. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji, jambo linalowezekana pale gari lenye giaboksi ya moto linapovuka maji ya masika: ganda hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, na maji hunyonywa kupitia tundu la kupumulia au sili iliyochoka.

Jedwali 1: Muhtasari wa dalili na sehemu inayoshukiwa

| Dalili | Sehemu inayoshukiwa | Kushusha giaboksi |
|---|---|---|
| Mapigo mepesi katika sailensi, hupotea kasi ikipanda, oili safi | Gia huru. Chanzo ni injini au klachi | Si kwa kelele pekee |
| Mvumo unaopanda na kasi, hupotea pedali ikikanyagwa | Beringi za shafti ya kuingizia au ya kati | Ndiyo |
| Kelele huanza pedali ikiguswa | Beringi ya rilizi | Ndiyo, kwa ajili ya klachi |
| Kelele hukatika kijiti kikishikwa | Bushi ya kijiti | Hapana |
| Vipande vya chuma katika oili | Beringi au meno | Ndiyo, bila kuchelewa |

5.0 Upunguzaji wa Kelele

5.1 Kutuliza injini

Tiba ianze pale mtetemo unapozaliwa. Sailensi iliyoshushwa chini ya kiwango cha mtengenezaji, pengine kwa matumaini ya kubana mafuta, huongeza kelele. Kuirudisha katika kiwango chake ni kazi ya dakika chache. Noseli zipimwe, na silinda isiyochangia itafutwe. Katika pampu za dizeli za kimakanika, fundi hulegeza nati ya bomba la noseli moja baada ya nyingine na kusikiliza: silinda nzima ikikatiwa mafuta, injini huyumba, silinda mbovu ikikatiwa, hakuna kinachobadilika. Mafuta yanayoruka hapo huwa na shinikizo kubwa, hivyo macho yakingwe na mikono isisogezwe mbele ya bomba. Njia hii kamwe isitumike katika injini za komonreli, ambazo shinikizo lake linaweza kupenya ngozi. Sambamba na noseli, maunti zilizochoka zibadilishwe, kwa kuwa hupeleka mtetemo katika bodi na kuikuza kelele ndogo.

5.2 Oili

Oili ipimwe kwanza kwa wingi wake. Gari likiwa tambarare, oili inapaswa kufika ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Kisha aina yake ilinganishwe na kitabu cha gari. Kutumia oili nyepesi kuliko iliyoagizwa hupunguza mburuto na kuamsha kelele ambayo haikuwapo.

Kinyume chake, kujaza oili nzito kupita kiasi ni tiba inayovutia na yenye mtego. Kelele hupungua siku hiyohiyo, lakini gia huingia kwa ugumu asubuhi, na sinkronaiza hulazimika kufanya kazi kubwa zaidi. Pia baadhi ya oili zilizotengenezwa kwa ajili ya difu zina viambata vya salfa vinavyoweza kula metali za jamii ya shaba zilizomo katika sinkronaiza. Hatari kubwa zaidi ni kwamba oili nzito hufunika mvumo wa beringi inayokufa. Kelele hunyamaza, ugonjwa huendelea.

5.3 Klachi

Sahani ya klachi ndicho kichujio kikuu. Springi zilizopangwa kuzunguka kitovu chake huruhusu injini kutangulia na kurudi nyuma kidogo bila kuikokota giaboksi kwa mshtuko. Katika baadhi ya sahani, springi laini hufanya kazi katika sailensi na springi ngumu hubeba mzigo. Springi zikilegea au kuvunjika, mtetemo hupita kama ulivyo.

Hapa ndipo penye sababu inayosahaulika kwa urahisi: kelele iliyoanza mara tu baada ya klachi kubadilishwa. Sahani yenye kipenyo na idadi sahihi ya meno ya kitovu itaingia bila shida, lakini ikiwa springi zake si za injini ile, giaboksi itaanza kugongagonga ingawa haijaguswa. Swali la “klachi ilibadilishwa lini?” linapaswa kuulizwa kabla ya lolote. Vivyo hivyo kwa magari mapya zaidi ya dizeli yenye flaiwili ya vipande viwili: kuiondoa na kuweka ya kipande kimoja, kwa kuwa ni nafuu, ni kuondoa kichujio ambacho giaboksi ilibuniwa kukitegemea.

5.4 Kufungua giaboksi

Majaribio yakionesha beringi au meno yaliyoharibika, giaboksi ifunguliwe, na gari lisiendelee kubeba abiria. Beringi iliyolegea huruhusu shafti kuhama, meno hushikana kwa ncha, na gia inaweza kuchomoka yenyewe. Gia ikichomoka mteremkoni, gari hupoteza msaada wa injini na mzigo wote huangukia breki. Vipande vikikwama kati ya meno, giaboksi inaweza kufunga magurudumu ya nyuma gari likiwa katika mwendo.

Mahali pa kazi pana umuhimu wake. Dhahabu ya ukanda huu huchimbwa katika miamba yenye mishipa ya kwatzi, na vumbi la kwatzi ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Giaboksi iliyofunguliwa juu ya turubai kando ya barabara ya machimbo inaweza kufungwa ikiwa na mchanga wa kusagia ndani yake. Hii ni sababu ya ziada ya kutoifungua bila ushahidi. Inapolazimu, ganda lioshwe kwa nje kwanza, kazi ifanyike ndani ya banda, na sehemu zilizotolewa zifunikwe.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa kelele ya kugongagonga ni matokeo ya uhusiano wa sehemu tatu: injini inayotetema, klachi inayochuja na gia huru zinazoitikia. Kuihukumu giaboksi peke yake ni kumshitaki shahidi. Imeoneshwa pia kuwa mapigo yanayotoweka kasi inapopanda, oili ikiwa safi, hayahalalishi kufunguliwa kwa giaboksi, ilhali mvumo unaopanda na kasi, au vipande vya chuma katika oili, vinahalalisha gari kusimamishwa mara moja.

Matokeo hayo yana maana kwa mafunzo. Majaribio yaliyoelezwa yanahitaji gari, pedali, sikio na chombo cha kukingia oili, hivyo yanaweza kufundishwa katika gereji yoyote ya Kahama au Geita na katika vyuo vya ufundi vya VETA. Kinachohitaji kujengwa zaidi ni msamiati wa pamoja. Tangu kamusi sanifu ya TUKI ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990, Kiswahili kimekuwa na maneno kama inesha na mchapuko, nazo gereji zina maneno yao kama sailensi na rilizi. Utafiti unaokusanya maneno ambayo madereva na mafundi wa eneo hili hutumia kueleza kelele, na kuyaoanisha na hitilafu zilizothibitishwa baada ya matengenezo, ungeipatia taaluma hii daraja kati ya hazina hizo mbili. Mpaka hapo, mwenye gari anaweza kuanza na kanuni moja: kabla ya kulipia giaboksi kushushwa, aulize ni jaribio gani limeonesha kwamba chanzo kimo ndani yake.